Nilivyotozwa Faini Kwetu Mchangamle

Mimi si mtu wa kushangaa, na anayenijua anajua. Nimeanza maisha kwa kuokota vyuma chakavu Tandika nikiwa na darasa la nne tu kichwani. Leo nina maduka mawili ya mabati na lori la kubebea, na katikati hapo nimeona kila kitu. Nimetapeliwa na mtu mwenye sijda usoni. Nimemuuzia bati mtu asiyekuwa na nyumba. Nimesimama barabarani nikitazama mafuriko yakilipitisha duka langu la kwanza mbele yangu, taratibu, kama gari la harusi, na sikutoa hata guno. Kwa hiyo niliporudi kutoka Msumbiji mkanizunguka pale dukani mkiuliza, "Bosi Selemani, umeona nini huko?", nikawajibu kama kawaida yangu: hakuna cha ajabu. Lakini kila mmoja anataka asimuliwe peke yake, na kila nikianza mteja anaingia, hadithi inakatikia mtoni. Basi nimeandika. Mwenye macho amsomee mwenzake.

Sababu ya kwenda nyie mnaijua nusu. Kwenye harusi ya Rukia, mwanangu wa kwanza, mlikuwepo. Upande wa bwana harusi walikuja na mabasi mawili, wajomba kwa mashangazi, wazee wa kilemba, hadi mtu wa kukohoa kabla ya mtu mwingine kusema. Upande wangu mlikuwa nyie: wapakiaji wangu, fundi wa redio, na mzee wa msikiti wa mtaani. Kisha mwanamke mmoja wa kwao akasimama, "Shangazi wa humu yuko wapi, aje apokee haki yake?" Tukatazamana. Hadi Bi Mwajuma wa chapati akajifuta unga mikononi, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mashangazi akasema, "Mimi hapa." Mungu amlipe. Lakini niliyaona macho ya wale wakwe. Yalikuwa yanasema: huyu mtu katoka wapi?

Na ni swali halali. Baba yangu, Ausi, alikuwa mtu wa pwani, ghuba ya Tungue, Palma kule, Mwislamu kizazi na kizazi. Mama yangu Mmakonde wa juu Mueda, Mkristo, jina lake Asunta hadi alipoolewa akawa Asha. Walikutana upande huu wa Ruvuma, wakati watu wanakimbia vita vya kumwondoa Mreno. Mimi nikazaliwa huku. Baba akafa nikiwa mdogo, mama akanileta Dar, na mtaani watoto wakaniita Mreno. Mreno mweusi namna hii! Nikikasirika ndiyo wanaongeza.

Sasa Mwanaidi, wa pili, amechumbiwa. Mimi sina dada. Nikasema safari hii sitaki shangazi wa kuazima. Nitakwenda kwa baba yangu, nimtafute shangazi yangu mimi mwenyewe, wa damu, aje akae kwenye ule mkeka, na wakwe wamtazame yeye waache kunitazama mimi.

DAR HADI MTWARA

Basi lilikuwa zuri na mimi nilikaa mbele, mahali ninapokaa siku zote. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Newala, mfanyabiashara wa korosho, mdomo wake haukupumzika tangu Mbagala.

"Na wewe kaka, wa wapi?"

"Wa Tandika."

"Tandika si kabila, baba. Nauliza kwenu."

"Mama Mmakonde, baba mtu wa pwani ya Msumbiji."

Akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Sasa ukifa unapelekwa wapi?"

Hilo swali lilininyamazisha hadi Somanga. Mimi!

Nangurukuru tulisimama kula. Yanayosemwa kwamba basi liliondoka likarudi kwa ajili yangu ni kweli, na sababu ni kwamba pilau ya pale haiwezi kuliwa sahani moja. Nilikuwa kwenye ya pili nikaona kondakta anakuja mbio huku anapiga makofi, na nyuma yake basi zima linapiga honi. Mama wa Newala alinitetea: "Mwacheni, ameshiba huyo, sasa hata akifa njiani hana deni." Tukafika Mtwara usiku, nikalala kama gunia.

MTWARA HADI MTONI

Kivuko cha Kilambo, cha kuvukia Ruvuma, siku ile kilikuwa kimekaa mchangani kama ng'ombe aliyegoma. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikamuuliza mlinzi kitaondoka saa ngapi. Akanijibu kwa upole sana, "Muulize mwezi, bosi." Nikadhani ananikejeli, nikampa maneno yangu mawili matatu ya mjini. Kumbe anasema kweli: pale mto unakaribia bahari, maji yanajaa na kupwa kwa mwezi, na mwezi hauna meneja wa kumpigia simu.

Tukakaa. Nikala samaki wa kukaanga na muhogo kwa mama mmoja aliyekuwa akimwita kila mteja "mume wangu", pamoja na mzee wa miaka themanini na pamoja nami. Hatimaye nikavuka na mtumbwi. Mwenye mtumbwi alisema tusiongee sana kwa sababu viboko wa pale hawapendi kelele. Mimi siogopi kiboko. Nilinyamaza kwa heshima tu.

NG'AMBO: BIASHARA YA CHAPA

Hapa ndipo nilipotaka kupata mtaji.

Baba yangu bati alikuwa akiliita chapa. "Chapa limevuja," "panda juu ushike chapa," nakumbuka vizuri, ndicho Kireno pekee alichoniachia. Sasa nimeshuka tu mtumbwini namsikia bwana mmoja mwenye kofia nyekundu anaita: "Chapa! Chapa, mia tatu!"

Mia tatu za kwao, meticali, nikazipiga haraka kichwani. Elfu kumi na mbili za kwetu. Jamani! Bati kwa bei hiyo mnajua mimi naliuza ngapi. Nikamsogelea taratibu, sikumwonyesha meno.

"Geji ngapi?"

"Nini, patrau?" Patrau ndiyo bosi kwa Kireno. Nikaona huyu ananitambua.

"Chapa yako. Ni nzuri?"

"Nzuri sana, patrau. Haivuji."

"Rangi?"

"Nyeupe, na mstari wa buluu."

"Ukichukua nyingi unapunguziwa?"

"Nyingi ngapi?"

"Niwekee mia mbili za kuanzia."

Yule bwana akachungulia mtoni nyuma yangu, kama vile nimekuja na kijiji kizima kimejificha kwenye matete. "Patrau, chapa yenyewe iko moja tu," akasema. "Ile pale." Akanyoosha kidole. Nikaona pikapu nyeupe, mstari wa buluu, wanawake wamekaa juu ya magunia wananisubiri. Gari la abiria! Kwao chapa ni gari la abiria, na hiyo mia tatu ni nauli.

"Na bati mnaliitaje?" nikauliza.

"Chapa."

Sasa utafanya nini na watu kama hao? Nikapanda. Wale wanawake walikuwa wamesikia mazungumzo yote. Kila gari lilipopiga shimo mmoja alisema, "Patrau, geji imecheza," na wengine wakaangua kicheko hadi kijiji cha Quionga.

Baada ya Quionga kicheko kilipungua chenyewe. Tulisimamishwa na askari mara kadhaa, tukaendelea. Jicho langu mimi ni la bati, siwezi kupita nyumba bila kutazama juu. Nikaona nyumba zisizo na kichwa kabisa, kuta zimesimama na majani yameota sebuleni. Nikaona za turubai. Nikaona na mpya, makuti mabichi kabisa, ya watu waliokimbia mashambulizi wakarudi juzi. Nazi zinadondoka zenyewe, hakuna wa kuangua. Mmoja wa wale wanawake alionyesha kwa kidevu, "Ile ya turubai la buluu ni yangu," kwa sauti ile ile ambayo mimi nawaonyeshea watu maduka yangu.

PALMA: KWA DONA FILOMENA

Palma nilipata chumba, na pale nje wanawake wawili walinitazama wakasema, "Vienti." Nikajua ndiyo mheshimiwa. Nikanyoosha kola nikawajibu, "Naam, ndiye mimi." Walicheka hadi ndoo ikamwagika.

Aliyenieleza ni Dona Filomena. Huyu ni Mmakonde, mama wa makamo, ana kibanda cha chakula na msalaba mdogo shingoni, anapika kisamvu cha karanga na nazi wanachokiita matapa. Nilikula sahani tatu na hapo sikuwa na basi la kunipigia honi.

"Vienti ni watu wa kuja," akasema. "Walojaa hapa na kazi za gesi. Si tusi sana. Tusi kidogo."

Nikacheka lakini lilinichoma. Tandika mimi wa kuja, Palma mimi wa kuja. Nikamjibu kwa Kimakonde, kile cha mama yangu, kwamba mimi si wa kuja, nimerudi. Dona Filomena akaweka mwiko chini.

"Epa! Sema tena."

Nikasema tena.

"Bibi yangu ndiye alokuwa anasema hivyo! Hicho Kimakonde watu walishakizika. Umekitoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Asunta, wa Mueda."

"Basi kazi yako imekwisha. Wewe wa kwetu." Akanipangusia meza mara ya pili. "Sisi mtoto ni wa mama. Baba ni mtu alopita njia akaomba maji. Sasa unatafuta nini huko pwani?"

"Kwa baba yangu. Wao wanahesabu kwa baba."

"Kwa hiyo unakwenda kuhesabiwa."

"Ndiyo."

"Na wasipokuhesabu?"

"Nitarudi kwako kula matapa."

"Rudi, mwanangu. Ila utalipa kama wote, usijifanye ndugu."

Nilimpenda yule mama. Nilitamani kupanda naye hadi Mueda siku hiyo hiyo. Lakini Mwanaidi hakuhitaji mjomba, alihitaji shangazi.

MCHANGAMLE, SIKU YA KITI

Mchangamle, alikotoka baba yangu, ni kitongoji pembeni ya ghuba, nilikwenda kwa pikipiki. Nilikuwa na jina la babu yangu na jina la baba, basi. Nikaambiwa nimwone Bakari fundi cherehani, ndiye mkubwa wa nyumba hiyo sasa. Nikamkuta barazani anashona, miwani imefungwa kwa uzi. Nikajieleza. Akasema, "Geuka." Nikageuka. "Inama." Nikainama, na suti yangu ile ya kahawia. Akakitazama kisogo changu muda mrefu.

"Hiki kisogo cha Ausi," akasema. "Karibu, mwanangu. Mimi baba yako mdogo. Baba yangu na babu yako walikuwa tumbo moja."

Wakaja watu, wakanishika mikono, wanawake wakapiga vigelegele. Wakaniletea kiti. Kilikuwa kiti kimoja tu cha plastiki nyumba nzima, kimefutwa mara mbili, kikawekwa katikati ya uwanja. Nikaletewa kimeza, sahani yangu peke yangu, mapaja yote mawili ya kuku, maji ya kunawa nimwagiwe. Wao wakakaa mkekani wanakula sinia moja. Nikagawa zawadi zangu, sukari, vitenge, sabuni, na kila mtu akasema, "Ahsante, mgeni wetu." Nikawasimulia habari zangu, maduka, lori, ile kesi niliyoshinda. Walisikiliza kwa adabu ambayo nyie hamjanipa hata siku moja. Nikajiambia, Selemani, hapa umefika.

Baada ya kula nikamkabili Baba Mdogo Bakari. Sikutaka mambo ya kuazima, kwa hiyo nikauliza kwa kunyoosha: "Baba Mdogo, dada zake baba yangu, waliozaliwa naye tumbo moja, wako wapi?"

Akatua mkasi. "Walikuwa wawili. Wote wametangulia, mwanangu."

"Hakuna aliyebaki?"

"Wa tumbo moja na Ausi? Hakuna."

Nikauliza tena jioni kwa namna nyingine, jibu lilikuwa lile lile. Nikakaa kwenye kiti changu. Nyuma ya ukuta wa makuti nikasikia kicheko, watu wanataniana, mtu anamwambia mwenzake ana miguu ya kunguru. Nikainuka nikaenda kuungana nao. Nilipotokeza tu, wakanyamaza, wakajipanga vizuri, mmoja akasema, "Karibu, mgeni, tukuletee kiti?" Hapo ndipo kile kiti kilipoanza kuniuma makalio.

Mtu mmoja tu hakuwa na adabu. Aliitwa Chande, rika langu, mtoto wa mmoja wa wale shangazi marehemu. Alikuja na suruali imekunjwa, hajanisalimia hata, akanitazama tumboni.

"Hili nalo limelipiwa ushuru mtoni?"

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Tajiri wa bati," akaendelea, kwa sauti ya watu wote, "kavuka mto na sabuni! Mie nyumba yangu ina turubai, mvua ikinyesha nalala nimesimama kama korongo, ye kaleta sabuni. Nikogee mvua au?"

Nikainuka. Dar hakuna mtu wa kunisemesha hivyo, labda yule wa mapato. Nikamwambia, "Bwana, tuheshimiane, mimi sijaja hapa kutukanwa." Yule Chande akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Ntazameni ntoto wa njomba!" akasema. "Wewe, mama yangu ni dada yake baba yako. Mie binamu yako. Nisipokutukana mie, atakutukana nani? Hapa wote wanakwogopa, umekaa kwenye kiti kama picha ya raisi."

Akanieleza kana kwamba nina miaka mitano: kwao watoto wa shangazi na wa mjomba ni watani, wa kiume unamtukana, wa kike unamwita nke wangu, ndiyo mke wangu kwa ulimi wao, na hakuna wa kununa. Nyie mnajua hata huku tuna utani, lakini mimi nilikulia kwa mama peke yangu, binamu nimeanza kumwona siku hiyo. Nikaupenda mchezo ule mara moja. Nikamwambia ana masikio ya kukaushia nguo. Akafurahi kama nimempa bati.

"Kesho utapata wenzio," akasema. "Binamu zako wa kike wamekwenda mwambani kuchokoa pweza, wanarudi asubuhi. Jitayarishe, wana mdomo wale."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nachagua maneno.

MCHANGAMLE, SIKU YA MKEKA

Asubuhi nilikaa tayari. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka siku hiyo, maana shangazi hakuna, lakini nikasema angalau niache jina. Watu walikuwa wengi uwanjani, Baba Mdogo yuko kwenye cherehani, Chande anatengeneza nyavu. Wanawake wakatokea ufukweni, vikapu vichwani, na wa mbele alikuwa mwanamke mmoja mrefu, miaka arobaini na kitu, mdogo kwangu waziwazi, anatembea kama mwenye ile njia. Akatua kikapu, akanijia moja kwa moja kunisalimia.

Mimi huyo. Nikasimama, nikafungua mikono, nikapaza sauti watu wote wasikie:

"Nke wangu! Ulikuwa wapi muda wote? Mahari nilishatoa, funga mizigo, leo leo nakuchukua Dar!"

Cherehani ilisimama katikati ya mshono. Mtoto mmoja alianza kucheka, mama yake akamfunga mdomo kwa kiganja. Chande alikuwa ameinamisha kichwa kwenye nyavu, mabega yanamtetemeka.

Baba Mdogo akavua miwani. "Umemwitaje?"

"Nke wangu," nikasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Huyo ni Zainabu. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa baba yetu." Akahema. "Huyo ni shangazi yako."

Nikamtazama yule mwanamke. Nimemzidi, tena kwa miaka mingi. "Shangazi? Jana umeniambia mashangazi wamekwisha!"

"Jana ukauliza wa tumbo moja na Ausi. Nikakujibu ulichouliza. Ungeniuliza shangazi zako, ningekutajia huyu."

Kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyebana mlango. Kule kwao mtoto wa babu mdogo naye ni shangazi, shangazi kamili, anaamkiwa shikamoo. Na mimi nimemwita mke wangu, hadharani, mbele ya watoto. Jasho lililonitoka, mnajua mimi si mtu wa jasho. Nikasema, "Jamani, nisameheni. Mimi mgeni hapa, sikujua."

Baba Mdogo akaonekana kupata nafuu. "Ni kweli," akasema. "Mgeni hajui. Yamekwisha. Leteni chai."

Watu wakaanza kupumua. Mmoja akawahi kiti changu akakipangusa.

"Nani mgeni?" Ndiyo mara ya kwanza Zainabu anasema. Alikuwa bado ananitazama, mikono inanuka pweza. "Kaka Bakari, nani mgeni? Huyu si ntoto wa Ausi?"

"Ni ntoto wa Ausi."

"Mie mwaka ule tulokimbia," akasema, na sasa alikuwa anasema na watu wote, "tulikaa Pemba kwa watu." Hiyo ni Pemba ya kwao ya mjini, si ile yetu ya karafuu. "Watu wazuri. Mwanangu akivunja sahani, mwacheni, mgeni. Akitukana mkubwa, mwacheni, mgeni. Kila kitu tulisamehewa. Hata siku moja hakuna aliyemchapa ntoto wangu wala kumtoza faini. Nikawa nalia usiku, ntu hajui nalia nini. Nilikuwa nalilia ntu wa kutugombeza!" Akanigeukia. "Huyu kanitukana. Mgeni tungemsamehe. Wa humu ndani anatozwa. Sasa aseme mwenyewe yeye nani."

Baba Mdogo akanieleza taratibu, kama wakili. Nikisema mimi ni mgeni, tunakunywa chai, naondoka na heshima yangu yote na hakuna atakayelisema tena. Nikisema wa humo ndani, basi nimemtukana shangazi yangu na nitatozwa mbele ya kila mtu, na habari itabaki kitongojini hadi wajukuu.

Nyie mnanijua. Mimi sijawahi kulipa faini bila kupigania. Nilitazama kile kiti, kimeshapangushwa, kinanisubiri. Nikapita pembeni yake nikaenda kukaa mkekani, suti na yote, miguu imekunjwa, magoti yanalia.

"Nitozeni," nikasema. Kisha nikageuka kwa yule mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Na hapo ndipo alipocheka, na watu wote wakacheka, Chande akalala chini kabisa juu ya nyavu zake. Ibilisi yule. Alikuwa amemwona Shangazi mapema, ametangulia mbele ya wale binamu, akaninyamazia.

Sina haja ya kueleza kilichonipata machoni. Kulikuwa na moshi.

Shangazi akataja: jogoo, mchele wa kuwatosha watu wote waliosikia, doti ya kapulana ya kumfunika aibu, na ulimi wangu nao ulipiwe. Kapulana ni vile vitenge vyao. Baba Mdogo akapiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya cherehani. Elfu tatu na mia mbili.

"Tufanye elfu tatu, Baba Mdogo," nikasema. Mazoea tu, mdomo ulisema wenyewe.

"Ongeza mia mbili na hamsini," akasema Shangazi, "za kubishana na wakubwa."

Nikatoa pochi.

Siku ile sikupewa paja. Nilikula sinia moja na Chande na wengine wanne, mkono wa haraka ndio unaoshiba, na Chande ana mkono wa haraka. Kile kiti nilikiona baadaye kimeanikiwa pweza. Nilitumwa maji, nikaambiwa nimebeba ndoo kama mwanamke mwenye mimba, nikagombezwa kwa kukanyaga mkeka na viatu. Hakuna aliyeniita mgeni tena. Nilikuwa nimepanga kuondoka siku hiyo, nikakaa hadi simu ya mke wangu ilipoanza kutukana.

Habari za harusi sikuzianzisha mimi. Shangazi Zainabu aliuliza mwenyewe wakati tunapaa samaki, wanangu wangapi, wanafanya nini. Nilipofika kwa Mwanaidi akaweka kisu chini.

"Anaolewa lini? Na unaniambia leo? Nani atakaa mkekani?"

Nikamsimulia harusi ya Rukia na Bi Mwajuma wa chapati. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo Mwajuma asiondoke mahali pake," akasema. "Alikaa wakati mie sipo. Mie ntakaa pembeni yake." Akaendelea kupaa. "Na Mwanaidi mwambie bibi yake kauliza kama ana miguu kama yako, tutafute nguo ndefu."

Kwa hiyo ndugu zangu, jitayarisheni. Anakuja na Chande na wengine wawili, na Baba Mdogo ameshachukua vipimo vya suti yangu mpya kwa kunizungushia mkono tumboni na kusikitika. Yule Chande mkimsikia ananisema, msimpige, anaruhusiwa. Nyie hamruhusiwi.

Mmeniuliza tena na tena safari imenigharimu kiasi gani. Nauli, kula na kulala sihesabu, hizo hata mtalii analipa. Mabati nitakayompelekea Chande pia sihesabu, hayo ni mambo ya ndani. Gharama ya safari yangu ni ile niliyotozwa pale mkekani, nikaihesabu noti kwa noti mkononi mwa Shangazi, watu wote wa Mchangamle wakishuhudia: meticali elfu tatu na mia nne na hamsini.